Bunduki Iitwayo Twiga

Wewe ukipigwa risasi na mtu ambaye hujamwona, utasema umeshindwa au umeonewa?

Usijibu haraka. Watu wazima, wenye kazi zao na familia zao, nusura wavunje urafiki kwa sababu ya swali hilo, na bunduki yenyewe haikuwa hata ya chuma. Ilikuwa bunduki ya mchezo wa video. Umeme ukikatika inatoweka na risasi zake zote.

Mwenye chumba cha michezo alikuwa fundi wa televisheni, na mtaa mzima ulimwita Fundi, mama mkwe wake akiwemo. Watu walipoanza kutupa televisheni mbovu badala ya kuzitengeneza, hakukaa akajikunyata. Alizikusanya zilizotupwa, akazifufua moja baada ya nyingine, akaziunganisha na mashine za michezo, akafungua mlango. Chumba kilikuwa kimoja, kimekatwa katikati kwa pazia zito la kahawia. Upande huu Fundi na wachezaji wake. Upande ule mkewe, msusi, na viti vya wateja wake vilivyoelekea kioo kipana kilichokula ukuta mzima. Pazia alilitundika Msusi mwenyewe.

“Wateja wangu wanakuja kupumzika,” alisema, “hawaji kutazama vita vyenu.”

Pazia lilizuia macho. Kelele zilipita bila kubisha hodi.

Mchezo uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa watu wanne wanaowindana katika mji mtupu wenye maghala, daraja na mnara wa kengele. Kila mmoja huchagua silaha kabla ya kuanza, na miongoni mwa silaha hizo ilikuwemo bunduki ndefu ya mdunguaji, yenye darubini mgongoni. Wachezaji waliibatiza Twiga, kwa kuwa inaona mbali na shingo yake haina mwisho. Risasi moja ya Twiga ni kaburi. Lakini Twiga ana kasoro zake: akishapiga, inabidi umlishe risasi nyingine taratibu, na ukiweka jicho kwenye darubini huoni kingine chochote duniani. Mtu anaweza kukujia kwa nyuma huku anapiga mluzi.

Mwenye Twiga alikuwa mmoja tu, dada mmoja mwembamba aliyefanya kazi ya kupokea wagonjwa katika zahanati. Walimwita Kimya. Alikuwa mteja wa kwanza kabisa wa Fundi, aliyekuja wakati chumba kina kiti kimoja, nacho kimevunjika mguu.

“Mbona kila siku Twiga, dada?” Fundi alimwuliza siku moja.

“Kutwa nzima watu wananisogelea usoni, kaka Fundi. Huyu anasema alitangulia, yule anasema mtoto wake anaungua homa, na wote wana haki, na wote wananifokea mimi. Nikifika hapa nataka kukaa mbali kidogo. Juu. Nisubiri kwa utulivu, nifanye jambo moja, nalo liwe sawa.”

Fundi aliyaelewa maneno hayo na kuyaweka moyoni.

Adui mkubwa wa Twiga alikuwa Mwokaji, jitu la watu lenye kifua kama mlango na sauti ya tarumbeta, ambaye nguo zake hazikuwahi kukosa unga. Yeye alipenda bunduki fupi ya kufyatua karibu, na mbinu yake ilikuwa moja: kukimbia mbele huku anapiga mayowe. Mshirika wake alikuwa Dereva, mwenye lori la maji, mtu wa maneno makavu. Wa nne alikuwa Fundi mwenyewe, au yeyote aliyepita.

Zamani wote wanne walitumia televisheni moja kubwa, iliyogawanywa robo nne. Kuchungulia robo ya mwenzako kulikatazwa kabisa, na kila mtu alichungulia. Kimya akipanda mnarani, Mwokaji anaona kwa pembe ya jicho, anazunguka nyuma ya ghala. Kimya naye anamwona anazunguka. Walizozana, walicheka, walisingiziana. Hakuna aliyelalamika kuhusu Twiga.

Sasa, Fundi alikuwa mtu wa haki, na mtu wa haki akipata waya wa kutosha ni hatari. Kule kuchungulia kulimkera. Alijifungia na bisibisi yake, akaandaa skrini nne, akazipanga juu ya ukuta wa mbele, akaweka ubao katikati ya kila skrini na jirani yake. Kila mtu na skrini yake, kila mtu na siri yake. Siku ya kuzindua walimpigia makofi, Mwokaji akambeba juujuu mpaka kichwa chake kikagusa taa.

Makofi hayo hayakuchukua muda kugeuka matusi. Mwokaji alitoka ghalani, pah! Akafufuka, akakimbilia darajani, pah! Dereva alijificha nyuma ya pipa, akachomoza kichwa kuangalia kama hali shwari. Pah! Hakuna aliyejua Kimya yuko wapi. Yeye alikaa nyuma ya ubao wake, ametulia tuli, anabonyeza kwa nadra kama mtu anayetia sahihi.

“Huu si mchezo, haya ni machinjio!” Mwokaji alirusha padi ya kuchezea mapajani. “Nakufa, sijui hata nimekufa upande gani!”

“Upande wa chini,” Dereva alisema.

“Wewe nyamaza, umekufa mara nyingi kuliko mimi.”

“Kweli, lakini mimi nakufa bila kelele.”

Siku zilivyokwenda, Dereva naye akaacha utani. Watazamaji walipungua, kwa kuwa cha kutazama hakikuwepo. Hatimaye Mwokaji alimkabili Fundi mbele za watu.

“Ndugu yangu, nakupenda, lakini sikiliza. Kule nyuma ya soko wamefungua chumba kipya, na wao Twiga wamempiga marufuku. Jumamosi uamue. Twiga atoke, au sisi tutoke.”

Fundi alikosa usingizi. Kundi lile likihama, chumba kimekufa, na yeye atarudi kupima misumari dukani kwa shemeji yake, kazi aliyowahi kuifanya akahisi anapigiliwa yeye. Akimtoa Twiga, Kimya hana tena mahali pa kukaa mbali kidogo. Na kosa la Kimya ni lipi? Kujua kusubiri? Watu wengi sana tukishindwa tunakimbilia kupiga marufuku, na Fundi hakutaka chumba chake kiwe hivyo. Hata hivyo alipiga moyo konde, akamwomba Kimya aiweke ile bunduki kando kwa siku moja, waone.

Kimya hakubisha. Alichukua bunduki fupi kama wenzake, akaingia katikati ya mji.

Ikawa vurugu tupu. Wote walikutana uwanjani na kuzunguka wakifyatuliana kama kuku walioona punje moja. Hakuna aliyeinama nyuma ya ukuta, hakuna aliyetazama juu. Mnara ulisimama bure. Mwokaji alishinda, akashinda tena, kisha akapiga mwayo ulioonyesha magego yote.

“Umeshinda,” Fundi alimwambia.

“Nimeshinda, ndiyo. Mbona haina ladha?”

“Lile daraja nilikuwa nalivuka roho mkononi,” Dereva alisema. “Leo nimelivuka kama naenda kununua chumvi.”

Fundi akadhani mambo yameisha. Wapi! Mwokaji alikuwa ameshatamka mbele za watu, na kumeza tamko lake ilikuwa kazi kuliko kumeza jiwe.

“Afadhali ikose ladha kuliko kufa kikondoo,” alisema. “Jumamosi ni ileile.”

Jumamosi ikafika. Asubuhi, mteja mmoja wa Msusi alipiga teke chupa ya rangi ya nywele, na rangi yote ikalilowesha pazia. Msusi alilishusha huku akilaani, akalifua, akalianika nje. Kwa hiyo jioni, wachezaji walipokaa, Kimya na Twiga wake tena, kwa kile ambacho huenda kingekuwa kikao chao cha mwisho, hapakuwa na kitu kati yao na saluni. Wateja wa Msusi walikuwa wamewapa mgongo, wamekikodolea macho kioo, na ndani ya kioo kile, juu ya vichwa vya wachezaji, skrini zote nne ziliwaka wazi.

Kitini alikuwepo mama mmoja muuza vitambaa, kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama wima. Alitazama kidogo, akatazama tena, akasahau kwamba anavutwa nywele.

“We mwenye unga!” alifoka ghafla. “Kuna kitu kinametameta dirishani! Kushoto kwako!”

Mwokaji aligeuka kushoto kwa nguvu zote. Ukuta mtupu. Pah! Risasi ilitoka kulia.

“Mama, umeniua!”

“Nimekuua mimi? Nimekwambia kushoto! Kushoto hukujui, na mwili wote huo?”

Akafufuka. Mama akaona tena. “Kushoto tena, jamani!” Mwokaji akageuka, pah! Dereva alicheka mpaka akateleza kitini, naye akauawa hapohapo sakafuni.

Msusi ndiye aliyegundua. Alinyoosha kitana chake kuelekea kioo. “Mama, unaangalia kwenye kioo. Kushoto kwa kioo ndiko kulia kwao.”

Chumba kililipuka kwa kicheko. Tangu hapo hapakuwa na mteja wa saluni aliyenyamaza. Wengine walitaja upande kama walivyouona kiooni, wengine waliugeuza kwanza vichwani mwao, na wengine waliugeuza mara mbili.

“Kulia!”

“Kulia kwa kioo au kulia kwenyewe?”

“Kwenyewe!”

“Kwenyewe kwa nani, shemeji?”

“Kwa aliye hai!”

Kimya alipata kazi, kazi hasa. Zamani angekaa dirisha moja jioni nzima. Sasa kila akipiga risasi, mwangwi haujaisha ameshatajwa, ama vizuri ama kombo, naye inabidi ateremke ngazi mbio akatafute paa jingine. Bado aliua. Risasi yake moja, kutoka kwenye kengele hadi ng'ambo ya daraja, iliwafanya hata maadui waseme “Lo!” kwa heshima. Lakini sasa walijua walivyokufa na wapi, na walifufuka wakiwa na hamu.

Kisha Mwokaji alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani. Alinyamaza. Aliinama, akaambaa na ukuta, akaanza kupanda mnara kwa kunyata. Muuza vitambaa alimwona, na kwa kuwa tayari alikuwa amehamia upande wa Kimya, hakuvumilia.

“Binti, una mgeni! Ngazi ya kushoto!”

Kimya ni mwerevu. Alikumbuka kioo, akageukia ngazi ya kulia, akaelekeza Twiga huko. Masikini, safari hii mama alikuwa ameshaugeuza upande mwenyewe. Mwokaji alichomoza kushoto, wakawa karibu kiasi cha kusalimiana, akafyatua.

Macho yote kwa Kimya. Yeye alitazama skrini yake iliyojaa wekundu, padi ikamteleza mapajani, akarudisha kichwa nyuma akaangua kicheko kikubwa, kinene, cha kutoka tumboni, ambacho hakuna aliyewahi kujua kwamba anacho.

“Nimekufa!” alisema, kwa furaha ya mtu anayetangaza harusi. “Jamani, nimekufa!”

Fundi alingoja kicheko kipungue. “Haya. Leo ni Jumamosi. Twiga atoke?”

“Atoke aende wapi?” Mwokaji alimaka. “Anayetaka kumtoa Twiga anitoe mimi kwanza!”

“Si wewe uliyesema...” Dereva alianza.

“Mimi? Nilisema wapi? Una ushahidi?”

Wakati huohuo Msusi aliingia kutoka nje na pazia lake kifuani, kavu na safi. Wote walimtazama kama askari anayekuja kufunga sherehe.

“Ukilitundika hilo, mwanangu,” muuza vitambaa alisema bila kugeuka, “nusu hii ya kichwa naenda kusukwa kwingine.”

Msusi alimtazama mumewe. Fundi aling'amua hapo kwamba yeye, na waya zake zote, alitafuta haki kwa kumfungia kila mtu peke yake, ilhali walichokihitaji kilikuwa ni kuonana. Wasionane sana, na wasionane sawasawa, lakini waonane. Alilipokea pazia, akalikunja, akaliweka juu ya kile kiti kilichovunjika mguu liwe mto.

Kesho yake asubuhi alitoka nyumbani kuja kufungua na kukuta mlango wa saluni uko wazi. Msusi alikuwa ameshaanza na muuza vitambaa, aliyerudi eti msuko mmoja umelegea. Upande wa pili Mwokaji, mikono bado ina unga wa alfajiri na mkate wa moto magotini, alikuwa amekaa kwenye nafasi ya Kimya, amemshika Twiga. Kimya mwenyewe, katika sare yake ya zahanati, alisimama nyuma yake na mkoba begani.

“Usikimbilie,” alimwambia. “Mwache aje. Tuliza mkono, bana pumzi, kisha ufyatue.”

Mbali darajani, kivuli cha Dereva, aliyekaa kiti cha pili, kilianza kuvuka. Mwokaji hakupumua. Mashavu yalimvimba kama unga ulioumuka, macho yakamtoka, shingo ikamjaa mishipa. Muuza vitambaa aliacha kutafuna kipande chake cha mkate. Kitana cha Msusi kilisimama hewani.

“Mwokaji,” Kimya alisema polepole, “anayebana pumzi ni yule wa kwenye skrini. Wewe pumua.”

Mwokaji aliachia pumzi yote kwa mkupuo, padi ikatikisika, Twiga akanguruma, na risasi ikaenda ikagonga kengele ya mnara: ngooo! Kivuli kilimaliza kuvuka daraja salama.

“Kulia kidogo!” muuza vitambaa alipaza sauti kutoka kitini. “Au kushoto!”