Siku Tatu Kabla ya Almasi

Neno diamant, ambalo Kiswahili cha vitabuni kinaliita almasi, nimelisikia kwa maana nyingi, na jiwe lenyewe sijaliona hadi leo. Shuleni lilikuwa kitu kigumu kuliko vyote, kinachochimbwa huko Kasai. Kwa fundi wa madirisha wa mtaani kwetu Kadutu lilikuwa kile kichuma chake cha kukatia vioo, na vita vilimpa kazi tele. Vijana wa barabarani waliniita diamant nikipita. Nisipoitika, waliniita mbuzi. Kwa nyanya yangu lilikuwa ndoa. Kanisani kwetu miaka ishirini na mitano ni fedha, hamsini ni dhahabu, sitini ni almasi. Vita vilipotufikia tena, yeye na babu walikuwa wamebakiza siku tatu.

Misa ilikuwa iwe Jumapili. Tulikuwa na mbuzi wawili, mchele wa Luberizi, na kitenge cha manjano cha aina moja kwa ukoo mzima, kama ilivyo desturi. Kitambaa cha gauni la nyanya alikichagua babu mwenyewe, kisha akagombana na mshonaji juu ya mikono ya gauni.

Alhamisi, siku ya ine kama tunavyosema sisi, mji ulibadilisha mabwana. Tangu asubuhi risasi zilipita juu ya mabati. Mchana askari watatu walivunja mlango wetu kwa mateke. Mmoja alimpiga tonton, kitinda mimba wa nyanya, kwa kitako cha bunduki hadi meno yakadondoka sakafuni. Mwingine alinishika nywele akanigongesha ukutani. Babu aliwapa kila walichotaka: mbuzi, mchele, redio, hata viatu alivyovaa. Kisha mmoja wao akaliondoa gauni kwenye msumari. Babu akalishika upande wa pili.

“Muzee, achilia!”

“Hii hapana. Hii iko ya muke wangu.”

Walimpiga vidole, wakampiga mdomo, hakuachilia. Wakamfyatulia risasi mbili kifuani, akaanguka nalo. Askari alipoona limelowa damu alitema mate, akatoka.

Nilimkasirikia babu, sifichi. Mtu anatoa mbuzi wake wote wawili, halafu anakufa kwa ajili ya nguo! Nililia huku nikimtukana moyoni.

Ijumaa hakuna aliyeweza kutoka, kwa hiyo babu alilazwa sebuleni. Jumamosi milio ilipungua na majirani wakaleta mbao za jeneza. Tonton, mdomo umemvimba, akamwendea nyanya.

“Maman, tumuzike leo. Ameanza kunuka.”

“Anuke. Miaka makumi sita inatimia kesho. Hata mimi nilimunukia, na yeye akanyamaza.”

Akaendelea kumfukuzia nzi kwa kofia yake mwenyewe babu, na kumbadilishia majani ya mikaratusi. Harufu ilinitoa nje mara kwa mara. Yeye hakutoka. Nilianza kumwona kama mtu aliyerukwa na akili, na nilitaka mtu amwambie hivyo, ila si mimi.

Jumapili tulimpeleka sote tukiwa tumevaa manjano tupu, kwa amri ya nyanya. Kwenye kizuizi askari mlevi alidhani ni harusi, akadai bia. Tulipomwonyesha jeneza alilipiga teke, akatuacha tupite.

Kaburini nyanya alisimama amevaa gauni lake, damu imekauka na kuwa nyeusi tumboni. Hakutaka lifuliwe. Alimwomba padri asome kwanza maneno ya jubilei, ndipo yafuate ya maziko. Padri alisita. Upande wa ziwa bunduki zilikuwa zimeanza tena, na wabebaji walitaka tumalize haraka. Mwishowe alifungua kitabu, akamwuliza nyanya kama bado anamtaka mume wake.

“Ndiyo, Padiri. Namutaka.”

Swali la pili lilikuwa la babu. Padri aliliangalia jeneza, akafungua mdomo, akashindwa. Nyanya akakunja kidogo mikono ya gauni, ile iliyogombewa kwa mshonaji.

“Unamungojea nini, Padiri?” akasema. “Yeye alisha kujibu siku ya ine.”