Jina Alilolikubali Mtoto

Ijumaa nilikuwa kwenye kaunta ya duka la Mhindi, hapa kando ya mto Sosiani, mama kijana kutoka Nyanza alipoingia na mtoto mchanga aliyelia tangu alfajiri. Kwao mtoto wa hivyo huitiwa majina ya marehemu wa ukoo. Akinyamaza, jina hilo ni lake.

"Nimemaliza yetu yote," alisema, machozi yakimlenga. "Labda hawataki kumfuata huku ugenini."

"Ugenini wapi, mwanangu? Si amezaliwa hapa?" alisema mama Mnubi aliyekuwa akisubiri kupimiwa sukari. "Ngoja tumwazime wetu."

Akaita wa kwao. Mama Mnandi akatua kibuyu cha maziwa, akaita wake. Kilio kikazidi. Mimi nilichungulia midomo ya mtoto, nikihofu imebadilika rangi.

Mwenye duka akaacha mizani. "Jaribu mama yangu," akasema, akainama. "Savita."

Mtoto akanyamaza.

"Mhindi amepata mama!" mama Mnubi akacheka.

"Mama mkwe ataniuliza, Savita wa ukoo gani?" akasema mama kijana.

"Mwambie wa Sosiani," akajibu mama Mnubi.

Wakubwa wa mji wanalalamika kwamba tumebanana mno hapa mtoni. Ni kweli: sasa hata marehemu wetu wanakaa chumba kimoja, na mimi naona fahari kuwa jirani yao.