Kiti cha Baba na Maji ya Magadi

Harufu ya rangi kuukuu iliyolowa magadi hukata pua na kukaa kooni. Hata leo nikipita mbele ya karakana pale Homa Bay, hunirudisha uani kwetu karibu na Asumbi, miaka michache baada ya uhuru, mama akiwa amepiga magoti mbele ya kiti cha marehemu baba. Nilikuwa msichana mdogo, kazi yangu kuchochea moto wa kuchemshia magadi. Mama aliyapaka maji yale kwa tambara, akangoja rangi ivimbe, kisha akaikwangua kwa kipande cha chupa. Kwanza ilitoka ya kijani, ambayo baba aliipaka uhuru ulipokuja, akatufukuza siku nzima tusiiguse. Chini yake kulikuwa na ya bluu, ya tangu arusi yao. Hapo mama alikwangua polepole, nami nikaogopa kumtazama usoni.

Kwetu, kiti cha mwenye boma hakikaliwi na mwingine. Akifa, anayemrithi mjane wake ndiye hukikalia, na siku hiyo kila mtu hujua mambo yamekwisha. Baba mdogo, ndugu yake baba, alikuwa ametuma neno kwamba atakuja baada ya mavuno, na kwamba mama akitie kiti rangi mpya. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na wake tayari na mdomo mkubwa, na mama hakumtaka. Hakubishana wala hakwenda kumshtaki kwa padri. Aliitikia vizuri, akanituma dukani ninunue magadi.

Baba mdogo alipofika na wazee wa ukoo, alikikuta kiti kivulini, mbao tupu zilizogeuka nyeusi kwa magadi, mikononi pamebonyea pale viwiko vya baba vilipozoea kutulia. Alikizunguka, kisha akamwita mama kwa jina la kwao alikozaliwa.

"Nyar Kasipul, rangi iko wapi? Sasa hii kiti ni ya nani?"

"Ni ya mwenye ameikwangua," mama alisema, akakikalia.

Wazee walitazama chini. Baba mdogo aliomba maji, akanywa, akaenda zake. Hakurudi, wala msimu wa kulima hakutuletea tena ng'ombe wake. Mama alilima shamba lote kwa jembe la mkono, na viganja vyake havikupona hadi mvua zikaisha.

Sasa kiti kiko kwangu. Fundi anataka kukipiga vanishi, nimemkatalia. Mimi pia ni mjane. Mume wangu alipozikwa, shemeji zangu walipiga simu kutoka mjini, wakanipa pole, wakakata. Hakuna aliyeuliza nani atakikalia kiti cha mume wangu. Namshukuru mama, na wajane wengine waliokataa kama yeye, kwa hilo, tena sana. Ila jioni nyumba huwa kimya mno, nami huweka viwiko vyangu pale pale palipobonyea, nikakaa hadi giza liingie.