Klachi ya Shemeji

Mtaani walimwita Mashoto, kwa sababu kila kazi aliifanya kwa mkono wa kushoto: kufungua nati, kukoroga chai, kuaga watu. Hata waya aliusokota kinyume na mafundi wengine. Wenzake wakikuta fundo limegeukia upande usio wake walicheka, wakasema, "Hapa kapita Mashoto." Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na gereji yenye paa la bati na sakafu iliyokunywa oili hadi ikawa nyeusi tii. Na alikuwa na mdomo. Gari liliingia na ugonjwa wake, mwenye gari akaingia na hofu yake, na kabla boneti haijafunguliwa Mashoto alishamchekesha mtu. Kwa miaka mingi aliamini kwamba hiyo ni nusu ya ufundi.

Asubuhi ile lililoingia lilikuwa gari la marehemu shemeji yake, mume wa dada yake mdogo. Aliyeliendesha ni fundi wa bodi, mtu mfupi mwenye vumbi la rangi mpaka kwenye kope. Dada mtu alikaa kiti cha nyuma, mkoba mapajani, kama abiria wa teksi. Mlango wa dereva ulikuwa mpya, na weupe wake ulipishana kidogo na weupe wa gari zima. Mtu asiyejua asingeuona. Mashoto aliuona gari likiwa bado getini.

"Kazi yangu imeishia hapa," fundi wa bodi alisema akishuka. "Chesisi imenyooka, rejeta mpya, mlango unafunga kwa kidole. Lakini injini sitaki kesi nayo. Likisimama linatetemeka kama lina homa. Linamisi, Mashoto. Mgonjwa ni wako."

Akaondoka kwa miguu, akijipangusa kope.

Dada mtu aliteremka. Alikuwa amekonda shingo. "Jana kanipigia simu kuniambia hayohayo," alisema. "'Mama, gari lako linamisi.' Nikamuuliza, linammisi nani? Akanyamaza, masikini. Kumbe ni maneno yenu ya gereji."

Alijaribu kucheka. Akashindwa, akageuza uso upande wa ukuta wenye matairi.

Mashoto alimvutia kiti. Alitaka kusema kitu cha kumpoza, lakini maneno yake mengi yalikuwa ya kuchekesha, na hayo hayakufaa.

"Kaka," dada akasema, bila kukaa, "sijalileta ulitengeneze tu. Nataka unijibu kitu kimoja. Siku ile, lilizima lenyewe, au alilizima yeye?"

Siku ile ilikuwa imepita miezi miwili na nusu. Shemeji, mwalimu wa hesabu, alikuwa akivuka makutano makubwa asubuhi akienda shuleni. Mtu mwenye baiskeli alikatiza mbele yake. Akakanyaga breki kumpisha, na gari likafa palepale, katikati ya barabara. Walioona walisema alikuwa ameinama akihangaika na funguo lori lilipokuja ubavuni. Ripoti iliandika mstari mmoja: dereva alishindwa kulimudu gari lake.

"Mama mkwe ananiuliza kila siku," dada aliendelea. "'Mwanangu alikuwa anawaza nini hata akazima gari barabarani?' Haniambii waziwazi, lakini anadhani tuligombana asubuhi ile. Anadhani mimi ndiye niliyemvuruga akili. Amenywa chai kwangu miaka kumi na minane, kaka. Sasa nikimpelekea kikombe anakiacha kinapoa."

"Injini haijui kudanganya," Mashoto alisema. "Kaa. Utajua leo."

Aliwasha. Gari liliitika mara moja, kisha likaanza kutikisika. Boneti ilitetemeka, kioo cha pembeni kikawa kinacheza. Alipokanyaga mafuta kidogo lilitulia. Alipoachia, likarudi kwenye homa yake. Aliweka kiganja cha kushoto juu ya injini, akafumba macho.

Akaanza na yaliyo rahisi. Alichomoa koili za plagi moja baada ya nyingine, na kila alipochomoa moja injini ilizidi kulegea. Maana yake zote nne zilikuwa zinafanya kazi. Alifungua plagi. Ncha zake zilikuwa nyeupe. Injini ilikuwa inavuta hewa kupita kiasi, na hewa hiyo ilikuwa inapenya mahali pasipo pake. Alikagua mipira inayoshikilia injini, kwa sababu mgongano huipasua. Ilikuwa mizima.

Halafu akaona bomba kubwa la hewa linalotoka kwenye chujio. Klipu yake ilikuwa imekaa tu shingoni, haijakazwa. Aliitikisa kwa kidole ikazunguka kama bangili.

"Huyu wa bodi!" alisema kwa sauti. "Mtu anapaka rangi vizuri hivi, klipu inamshinda!" Akaikaza huku akipiga mluzi. Aliwasha tena akiwa na uhakika, kama mtu anayefungua mlango wa nyumbani kwake.

Gari lilitikisika. Pungufu kidogo, lakini lilitikisika.

Mluzi ukaisha. Alisimama akiitazama injini. Ile klipu ililegezwa baada ya ajali, rejeta ilipobadilishwa. Kama ugonjwa ungekuwa huo, basi siku ya ajali gari lilikuwa zima, na aliyelizima ni shemeji. Hilo lilikuwa jibu tayari, na lilikuwa baya kwa dada yake. Lakini kulikuwa na hewa nyingine, inayopenya mahali pengine.

Alichukua kopo la spreyi ya kusafishia kabureta, akawa anapuliza kidogo kidogo kwenye maungio. Mbele, kimya. Ubavuni, kimya. Alipopenyeza mrija nyuma ya injini, kule karibu na ukuta wa chumba cha abiria ambako pigo la lori halikufika, injini ilishtuka ikanguruma. Imeinywa ile dawa. Ufa uko hapo.

Alizima, akasubiri chuma kipoe, akaingiza mkono bila kuona. Akaishika paipu nene ya mpira inayotoka kwenye injini kwenda kusaidia breki. Vidole vikafika kwenye shingo yake, na badala ya klipu vikakuta waya. Waya wa shaba, umezungushwa mara tatu na kusokotwa. Kidole gumba kikapita juu ya fundo mara moja, kikarudi, kikapita tena.

Fundo lilikuwa limegeukia kushoto.

Akakumbuka yote, pale pale, mkono ukiwa ndani. Mwaka uliopita alikuwa amefungua upande ule kuzuia oili iliyokuwa ikivuja. Klipu ilikatika mkononi, dukani hawakuwa na saizi yake, na shemeji alikuwa anawahi mtihani wa wanafunzi. "Nakufungia waya kwa muda," alimwambia. "Ukipata nafasi pitia nikuwekee klipu." Shemeji hakupata nafasi. Yeye naye hakupata kumbukumbu.

Nyuma yake dada alikuwa anaongea, kwa sauti ya mtu anayejisemea mwenyewe.

"Unajua, na mimi nimeanza kuamini ni yeye. Sijamwambia mtu. Mwezi ule wa mwisho, kila Jumapili, alikuwa analipeleka gari kwenye uwanja wa shule. Nikamuuliza, unafuata nini kule? Akasema anajifunza klachi. Mtu ameendesha miaka ishirini, kaka! Anaiachia taratibu, anasimama, anaondoka, anasimama, anaondoka. Wanafunzi wa bweni wakimchungulia dirishani."

Mashoto hakuchomoa mkono. "Nani alimwambia hajui klachi?"

"Hakumtaja. Alisema kuna mtu anayejua magari kamwambia kosa liko kwenye mguu wake. Alicheka tu. 'Mke wangu,' akasema, 'uzee umeingilia mguuni.'"

Mashoto aliinamisha paji la uso likagusa chuma cha injini.

Ilikuwa mwezi mmoja kabla ya ajali, mchana wenye kazi nyingi, na shemeji alisimama hapo getini bila kuzima injini. "Shemeji, hili gari linanizimikia nikikanyaga breki." Mashoto, grisi hadi viwikoni, alijibu bila kusogea: "Gari halina kosa, shemeji, kosa ni mguu! Klachi unaiachia kama unaangusha gunia. Rudi shule ya udereva, mwalimu, ukakae dawati la mbele!" Gereji nzima iliangua kicheko. Shemeji naye alicheka, akainua mikono kama mtu aliyekamatwa, akaondoka. Huo ndio uliokuwa ushemeji wao: kurushiana maneno na kutoyaweka moyoni. Mtu mwingine angerudi akagomba. Mtu mwingine angelipeleka gari kwa fundi mwingine. Lakini atamwendeaje fundi mwingine, na kaka wa mkewe ni fundi? Angemwaibisha. Kwa hiyo alichukua lawama, akaipeleka uwanjani kila Jumapili, akaifanyia mazoezi.

Mashoto alikata waya kwa koleo, akaichomoa paipu, akaitoa kwenye mwanga. Waya ulikuwa umeuma mpira hadi ukapasuka, ufa wa urefu wa ukucha. Aliupanua kwa vidole. Mpira uliochanika juzi huwa safi ndani. Huu ulikuwa mweusi, umejaa vumbi lililochanganyika na oili, vumbi la miezi. Kila mguu ulipokanyaga breki, injini ilivuta hewa hapo, ikasongwa, ikazima.

Alisimama na kile kipande. Pipa la takataka lilikuwa hatua mbili kutoka alipo. Dada yake alikuwa bado ametazama matairi. Angekitupa, angeweka paipu mpya na klipu mpya, angemwonyesha ile klipu ya fundi wa bodi, angesema ndiyo hii. Fundi wa bodi angelalamika wiki moja na kusahau. Na mwalimu wa hesabu angebaki milele mtu aliyezima gari lake mwenyewe barabarani, na mkewe angebaki mtu aliyemvuruga akili.

Hakukitupa. Lakini hakuwa na haraka ya kugeuka. Kwanza aliweka paipu nyingine, akakaza klipu zote mbili, akawasha. Gari lilitulia. Sauti ilikuwa laini, sawasawa, hata maji kwenye glasi juu ya injini yasingetikisika. Dada aligeuka, macho yamefunguka.

"Umelipata?"

"Nimelipata. Lilizima lenyewe." Akaona uso wake unaanza kulegea, akajua kwamba asipoendelea sasa hivi hataendelea tena. "Lilikuwa linazima kabla ya ajali, mdogo wangu. Muda mrefu. Paipu hii ilikatwa na waya. Waya niliufunga mimi. Na mtu aliyemwambia mumeo kosa ni mguu wake ni mimi. Hata boneti sikufungua. Nilikuwa nachekesha watu."

Alinyoosha mkono. Dada alikipokea kile kipande cha mpira, akakigeuzageuza. Aliingiza ncha ya kidole ndani ya ufa, akakitoa kikiwa cheusi, akakitazama kidole chake.

"Alikuja kukuambia," alisema polepole.

"Alikuja."

"Na ukamcheka."

"Nikamcheka."

Hakupiga kelele. Mashoto alitamani apige. Alitamani alichukue lile koleo ampige nalo usoni. Dada alikaa kwenye kiti alichovutiwa tangu asubuhi, akakikumbatia kile kipande na mkoba pamoja, na mabega yake yakaanza kutikisika bila sauti, huku injini ikinguruma taratibu kati yao. Hakuna aliyekumbuka kuizima.

"Dada, nisa—"

"Usiniambie nisamehe," alisema bila kuinua kichwa. "Leo usilitamke hilo neno. Sina pa kuliweka."

Akajipangusa kwa upande wa kiganja, kidole cheusi kikamwachia mstari shavuni.

"Nawa mikono. Twende."

"Wapi?"

"Kwa mama mkwe. Utamwambia wewe. Nikimwambia mimi ataona namtetea mume wangu, au najitetea mwenyewe."

"Ngoja basi nibadilishe shati."

"Nenda hivyohivyo."

Aliyeendesha ni Mashoto. Walipofika kwenye yale makutano makubwa alikanyaga breki kuwapisha watembea kwa miguu, na gari likangoja, tulivu. Dada alikuwa ametazama dirishani.

Mama mkwe alikuwa uani akianika nguo. Alisikia gari kabla hajaliona, akageuka na shuka lililoloa mikononi, na kwa muda wa pumzi moja uso wake ulikuwa wa mama ambaye mwanawe amerudi kutoka kazini. Kisha akamwona aliyeshuka upande wa dereva.

"Aa, fundi wetu," alisema. "Karibu, baba. Mbona umekuja na vumbi la kazi?" Akamtazama mkwewe, akaona ule mstari mweusi shavuni, akaacha kutabasamu. "Kuna nini?"

"Kaka ana neno, mama," dada akasema, akarudi nyuma hatua moja, akamwacha peke yake mbele ya kamba ya nguo.

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye shuka juu ya miguu ya mama. Mashoto aliyatazama, akainua macho.

"Mama," akasema, "mwanao alikuwa anajua kuendesha."

Mama hakusogea.

"Endelea," akasema.