Kemilembe Hapatikani

Wanaonifahamu hapa mtaani kwetu Kiseke wanajua mimi Zakia sina kifua cha kuweka mambo. Likinikera nasema, na asiyetaka kusikia aondoke na kitambaa chake akashonewe kwingine. Lakini hili la Prudencia lilinikaa kooni siku nyingi, mpaka mwenyewe akaja kibandani kwangu akaniambia, "Zakia, waambie tu. Afadhali walisikie kwako kuliko waliokote njiani." Basi nawaambia.

Prudencia ni Mhaya wa Muleba, anauza ndizi kwenye genge linalotazamana na cherehani yangu. Hapa mtaani anaitwa Mama Severine. Kwao anaitwa Kemilembe, jina alilopewa na baba yake, ila hapa mjini hakuna anayelijua zaidi yangu mimi. Nalijua kwa sababu mama yake akija kumtembelea huwa namshonea gauni, na yule mama hamwiti mwanawe kwa jina lingine. Ni mwanamke wa kazi, mikono yake ina utomvu wa ndizi mwaka mzima. Na mdomo anao vilevile! Tumeshatukanana kwa ajili ya maji ya bomba na jioni yake tukala sahani moja.

Simu yake ilikuwa kitochi. Vile vya vibonyezo, kimefungwa mpira ili betri isichomoke. Kilikuwa kinaanguka kwenye ndoo ya maji, kinaanikwa juani, jioni kinaita kama kawaida. Kwa kitochi hicho alikuwa anaongea na watu wa bandari ya Kemondo, huko kwao, wampakilie ndizi melini, na kwa hicho hicho mama yake alikuwa anampata. Mama hajui kusoma. Namba ya mwanawe ameikariri kama Baba Yetu, anaibonyeza tarakimu moja moja, na Prudencia hakuwahi kuacha kupokea. Nimemwona mara nyingi akimwacha mteja amesimama na mkungu mkononi, yeye yuko pembeni anaongea Kihaya na kucheka.

Halafu ikaja harusi ya Annet, binti wa Winnie. Winnie anafanya kazi ofisini huko mjini, ana nyumba nzuri, na si mtu mbaya, nisimsingizie. Alimwomba Prudencia aingie kamati ya chakula cha kitchen party, maana nani anajua ndizi kuliko yeye? Nami nilikuwemo. Kikao cha kwanza tu, kitochi kikalia. Na mlio wake mnaujua, unasikika mpaka Nyakato. Winnie akauliza, "Jamani, nani kaja na redio?" Ukumbi mzima tukacheka. Prudencia naye alicheka, lakini nilimwona akikisukumia kitochi ndani ya kanga kama mtu anayeficha kidonda.

Kabla ya kikao cha pili akawa na simu janja, kubwa, inang'aa, yenye laini mpya. Nikamwambia, hamishia na laini yako ya zamani humo humo, zinaingia mbili. Akakataa. "Ile laini ni ya zamani, kubwa, lazima fundi aikate. Akiiharibu, mama yangu atanipata wapi?" Nikaona ana hoja. Akawa anatembea na zote mbili. Lakini kitochi kikalia tena kikaoni, mtu akasema redio imefufuka, na tangu hapo kila siku ya kamati akawa anakizima anakiacha kabatini chini ya mashuka.

Hapo ndipo hasira zangu zinapoanzia. Simu kubwa si dhambi, hata mimi ninayo, wateja wananitumia picha za mitindo humo. Lakini kukionea haya kitu kilichokulishia watoto! Nilimwambia hivyo hivyo. Akanijibu, "Wewe hukuchekwa, Zakia." Kweli, sikuchekwa mimi. Tena nilikuwa mmoja wa waliocheka.

Mama yake alitarajiwa wiki ya baada ya sherehe, aje kutazamwa macho. Ikatokea jirani yao anasafiri, mama akaona apate mtu wa kumshika mkono, akapanda naye meli Ijumaa usiku. Kabla ya kupanda alimpigia mwanawe. Namba haipatikani. Ijumaa hiyo sisi tulikuwa kwa Winnie tunamenya ndizi za kesho yake, tukalala huko huko, na kitochi kiko kabatini. Mama akajisemea, asubuhi atapatikana. Meli ikatia nanga Mwanza, jirani akashika safari yake, mama akakaa bandarini kumsubiri mwanawe. Kiseke hajui kufika peke yake, na macho ndiyo hayo.

Jumamosi mchana tuko ukumbini, sare tupu, nimezishona mimi mwenyewe. Tumeshakula, tunangoja zawadi zianze kutolewa. Simu zikaanza kulia mezani, moja baada ya nyingine. Kwenye grupu la kamati mtu katuma picha: bibi kakaa kwenye benchi, kikapu magotini. Chini imeandikwa, "Bibi huyu ameshuka melini asubuhi, yuko bandarini mpaka sasa. Anamsubiri binti yake Kemilembe. Namba anayompigia haipatikani. Tusambaze jamani."

Gauni nililijua kabla ya uso, kwa sababu nililishona mimi. Nikamtazama Prudencia. Ameishika simu yake kwa mikono miwili.

"Mama wa watu!" Winnie akasema. "Huyu Kemilembe ni mtoto wa namna gani? Unazima simu mzazi yuko njiani?"

"Laana hiyo anaitafuta," akadakia Tereza, mwenzetu wa kamati. Kila mmoja akaongeza lake. Mwingine akasema atakuwa yuko na mwanaume. Halafu Winnie akamgeukia Prudencia, bila ubaya wowote, akamuuliza, "Mama Severine, meli hiyo si inatoka huko kwenu? Humjui huyu bibi?"

Neno moja tu lilitakiwa pale. Ni mama yangu. Wallahi tungeinuka wote, gari lingepatikana, bibi angeletwa ukumbini kwa vigelegele. Prudencia aliilaza simu mezani, kioo chini.

"Simjui," akasema. Na kana kwamba haikutosha, akaongeza, "Watu wengine hawana haya kabisa."

Aliinuka kama anayekwenda chooni, nikamfuata. Nikamkuta nyuma ya ukumbi anapapasa ile simu kubwa, machozi yanadondokea kwenye kioo. "Namba yake siijui," akasema. "Iko kwenye kitochi. Zakia, namba ya mama yangu siijui!" Nilikuwa nimemwandalia matusi, nikayameza. Hata mimi nilikuwa pale mezani na mdomo wangu wote huu, na sikusema kitu. Nikasimamisha bajaji.

Bandarini tulimkuta kivulini karibu na geti, na mlinzi mmoja mwanamke, Justa, alikuwa amemletea chai. Prudencia alipiga magoti kwenye sakafu na sare yake mpya, akamwamkia mama yake kwa Kihaya. Mama hakuuliza ulikuwa wapi. Alimpapasa uso, kichwa, mabega.

"Uko hai," akasema. "Nilijua umekufa. Simu yako haijawahi kuzimwa. Nimekaa hapa nikisema, basi, mwanangu amekufa na watu wanaogopa kuniambia."

Nikatoa shikamoo yangu, hata marahaba sikuisikia. Justa alikuwa amesimama mikono kiunoni. "Dada, hii namba tumeipiga tangu asubuhi mpaka vidole vinauma," akamwambia Prudencia. "Na hiyo uliyoshika mkononi ni ya nani?"

Prudencia alifungua mdomo. Mama yake akamuwahi.

"Hiyo si yake, mama. Ameazimwa hiyo," akamwambia Justa, tena kwa ukali kidogo, kama anayemtetea mtoto mdogo. "Mwanangu huyu hawezi kushika simu nzima akaacha kunipokea. Wewe humjui."

Nilitamani ardhi inimeze mimi, sembuse mwenye mama. Justa akashusha mikono kwa heshima ya mzee. Prudencia alibeba kikapu, tukaondoka, na mpaka tunaingia kwenye bajaji hakuwa ameinua macho.

Mama tulimkalisha katikati. Mkono wake mmoja aliuweka juu ya paja la mwanawe, anaupigapiga taratibu. Tulipofika Kirumba simu zetu zote mbili zikalia. Nikasoma. Ni Winnie kwenye grupu, anauliza yule bibi amepatikana au bado.

"Nionyeshe pa kurekodi sauti," Prudencia akaniambia.

"Achana nayo. Utampigia Winnie kesho, mtaongea wawili."

"Nilisema mbele yao wote, Zakia. Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Akabonyeza, akasema kwa sauti ya juu ili ishinde injini: "Mimi ni Mama Severine. Kemilembe ni mimi. Yule bibi ni mama yangu mzazi. Nilizima simu anayonipigia kwa sababu mliicheka. Na mlipokuwa mnamsema mtoto wake, nami nilimsema pamoja nanyi." Akaachia kidole, ikaenda.

Mama alikuwa amegeuza uso upande wake. "Walikuwa wanamsema nani?"

"Mimi, mama."

"Kwa ajili yangu?"

"Ndiyo, mama. Walinionyesha picha yako, wakaniuliza kama nakujua."

"Ukawaambia nini?"

Angeweza kudanganya. Mimi ningemsaidia hata kudanganya, Mungu anisamehe. Lakini alimwambia kama alivyolisema, neno kwa neno. Mama yake akauondoa mkono wake pale pajani, akaurudisha kwenye magoti yake mwenyewe.