Jiwe la Baipasi

Juzi pale Buhongwa harufu ilinisimamisha barabarani. Kijiko, ule mtambo wa kuchimbia, kilikuwa kinachimba mtaro, na ile oili ya haidroli iliyopata moto ikanirudisha Igogo, kwa baba. Tangu tumzike nilikuwa sijalia, ndugu yangu.

Baba alikuwa fundi wa mitambo. Jumamosi, mama akichuja togwa uani, baba alijisogeza na mikono yake ya grisi kutueleza kazi yake kwa mfano wa kile kitambaa cha kuchujia. Filta nayo inashika uchafu, alisema. Ila ikijaa, au oili ikiwa nzito kwa baridi ya asubuhi, presha inapanda, filta inapasuka au pampu inabaki kavu. Ndiyo maana pembeni kuna valvu yenye springi, baipasi. Presha ikizidi inafunguka, oili inapita bila kuchujwa.

"Bora mtambo unywe chafu leo kuliko ukose kabisa," alisema. "Lakini filta ubadilishe upesi, huo uchafu utautafuna."

"Togwa yangu haina baipasi, baba watoto," mama alimjibu. "Toa mikono."

Neno likahamia nyumbani. Mtoto akivimba kwa hasira, baba alimwambia, "Nenda baipasi." Hilo lilikuwa jiwe kubwa ufukweni mwa ziwa, nyuma ya nyumba ya jirani. Pale ulisema lolote, hata matusi, na hakuna aliyeruhusiwa kukuuliza. Ukirudi ulilisema upya kwa adabu, ukapewa kikombe cha togwa. Nililipenda mno lile jiwe, na maji yakigonga chini yake.

Mama alipofariki, baba alipokea wageni kwa utulivu hadi tukaogopa. Siku ya kuanua matanga alishuka jiweni mwenyewe. Tulimsikia akimwita mama kwa jina la usichana wake, jina ambalo hatukuwahi kulisikia. Aliporudi aliomba chakula.

Sasa pale jiweni pana ukuta, na mlinzi anayeuliza unamtafuta nani. Ningemjibu nini?

Basi pale Buhongwa, kijiko kikiunguruma, niliita, "Baba." Nikaita tena, kwa sauti yote. Dereva aliona mdomo wangu, akazima injini.

"Dada, unasemaje?"

"Hamna kitu, kaka. Washa tu."

Akawasha, nami nikalia. Nilipomaliza nilibaki nimesimama palepale, kama mtu anayesubiri kikombe chake cha togwa.