Siku Niliposhindwa Kuwanyamazisha Watoto wa Filimbi

Jamani, chekeni nikimaliza, maana mpaka leo nikipita mbele ya ule ukumbi wa pale mjini Tabora naangalia upande wa pili wa barabara kama mtu anayetafuta duka.

Mimi ni mtu wa ofisini tu. Kwenye mradi wetu wa kufundisha watoto muziki hapa Kitete napokea simu, napanga ratiba, nahakikisha filimbi zimeoshwa na wazazi wamejulishwa. Kuimba siimbi, hata kanisani huwa nachezesha midomo tu. Sasa siku ya onyesho, mwalimu wa muziki alikuwa anarudi kutoka msibani Ipole, pikipiki ikapata pancha njiani, na Mzee Abdallah, mfanyabiashara aliyetuazima ukumbi wake, akawa ameshafika na kanzu nyeupe inayong'aa, kuja kuona kama watoto waendelee kuutumia au awape watu wa harusi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Tuanze basi, nina safari."

Hapo ndipo nilipotakiwa kumwambia mimi siyo mwalimu. Nikaona nikikataa ataondoka (na kusema kweli, kuitwa hivyo mbele ya wazazi nilisikia utamu). Nikasimama mbele ya watoto, nikapunga mikono kama ninavyomwona mwalimu akifanya, wakaanza, filimbi, ngoma, sauti, vizuri mno, mpaka mama mmoja akapiga vigelegele.

Wimbo ukaisha. Nikashusha mikono, wakaanza upya. Nikaiinua kuwazuia, wakaongeza sauti. Nikajifuta jasho, wapiga ngoma wakakimbiza mwendo, kumbe kila ninachofanya kwao ni amri, na walishafundishwa hakuna kuacha mpaka anayeongoza atoe alama, na alama yenyewe siijui! Wazazi waliokuwa wanapiga makofi wakaanza kuangaliana. Mzee Abdallah akatazama saa.

Ndipo nikamwona Neema, mdogo kuliko wote, mstari wa mbele karibu na meza ya mgeni, amebana miguu, machozi yanamtoka na bado anapuliza filimbi. Nilikuwa nimechelewa kumwona. Mkojo ulishaanza kumshuka mguuni kuelekea kwenye soksi. Wenzake walikuwa hawajaona. Bado.

Sikuwaza mara mbili. Nikajifanya nimejikwaa, nikashika kitambaa cha meza, na jagi zima la maji likatumwagikia, mimi, Neema, sakafu na ile kanzu. Ila kujikwaa kwa uongo kukageuka kwa kweli, nikateleza, nikaenda chali, kiatu kimoja kikaruka mpaka kwa wapiga ngoma. Hapo ndipo wimbo ulipokatika. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Pole mwanangu, nimekulowesha mwili mzima," nikamwambia Neema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, na mama yake akaja kumchukua.

"Mwalimu, umeumia?" Mzee Abdallah akauliza, anakamua kanzu.

"Mzee, mimi siyo mwalimu," nikasema, bado niko sakafuni. "Mimi ni wa ratiba."

Akacheka mpaka akakaa. "Watoto hawa wana pumzi! Ukumbi endeleeni nao. Ila wewe kaa mbali na maji."

Video ya kuanguka kwangu ilifika Kipalapala kabla mimi sijafika nyumbani. Nimeapa, mtu akiniita kwa kazi nisiyoijua namsahihisha palepale, hata awe ameshika funguo za ukumbi mkononi.

Siku ya mazoezi iliyofuata mama yake Neema akaja ofisini, akasimama mlangoni.

"Dada, mtoto kaniambia yote."

Nikaanza kuomba radhi, mimi ndiye niliyemchosha vile. Akanikatisha.

"Mtaani kwetu wanakucheka wewe," akasema. "Yeye wanamuuliza atapiga tena lini."